Risasi Waliyoitafuta Kwenye Mkojo Wangu

Daktari akikuambia ukusanye mkojo wako wa mchana kutwa na usiku wake, usione haya. Mimi niliona haya, na haya hiyo ilinipotezea karibu mwezi mzima wakati sumu ikiendelea kunila. Kama uko kwenye benchi la hospitali na tumbo ambalo hakuna anayejua linaugua nini, na nyumbani kwako kuna mtu anayefungua betri, nisikilize.

Naitwa Mwamini. Kwetu ni Uvira, ng'ambo ya mpaka, lakini niliolewa Bujumbura na Ramazani, fundi wa betri, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi. Vita vilipochachamaa tukahamia Buterere, pembezoni mwa mji, nyumba ya vyumba viwili karibu na mashamba ya mpunga, kwa sababu uani palikuwa na nafasi ya kazi yake. Miaka ile nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka na betri mpya haziingii. Kila mwenye gari alikuja kutaka betri yake kuukuu ifufuliwe. Ramazani alizipasua, akatoa vibao vya ndani, akasafisha vilivyofaa. Visivyofaa niliviyeyusha mimi, kwenye sufuria mbovu juu ya mkaa, nikamimina kwenye vishimo vya mchanga, vikawa vizito vya kuzamishia nyavu. Wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani, walivipenda sana. Madini hayo ni risasi. Jina lake na la ile ya bunduki ni moja, na mbele ya safari neno hilo nusura liniponze.

Nilikuwa hodari wa kazi ile. Binti yetu Zawadi, wa miaka minne, alikaa karibu yangu akipanga vile vizito kwenye mstari kama watu wanaokwenda sokoni, akivisemesha, akivitia mdomoni. Nilimwambia aviache vya moto tu, visije vikamuunguza.

Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, tumbo likaanza kunisokota. Si maumivu ya kula kitu kibaya. Yalikuwa kama mtu ananikamua matumbo kwa mikono miwili, kisha anapumzika, kisha anarudia. Choo kilikauka siku tano, siku sita. Mdomoni nilikuwa na ladha kama nimenyonya ufunguo. Chakula kikanichukiza, nguo zikanipwaya, na viungo vikauma kama vya bibi kizee.

Nilipewa dawa ya malaria. Nikapewa ya minyoo. Kituo kingine wakasema ni vidonda vya tumbo. Nakumbuka yale mabenchi kuliko ninavyozikumbuka dawa. Kila walipoletwa watu wa majeraha, sisi wa matumbo tulisogezwa, na jua likigeuka tunaambiwa turudi kesho, maana lazima watu wafike makwao kabla ya saa ya kufunga njia. Nani angelalamika? Anayepita mbele yako amefungwa shuka lenye damu. Unajiona mwongo na maumivu yako yasiyoonekana.

Krismasi ilipopita, mimba yangu ya miezi mitatu ikatoka. Ilikuwa ya pili kutoka tangu tuhamie Buterere.

Mama mkwe wangu, Bibi Sauda, alikuja kutoka Buyenzi na chupa ya maji ya kombe, yaliyooshewa maandishi ya dua. Alinifanya ninywe, akanisugua tumbo, kisha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwamini, kuna mutu anakuchezea. Na si mutu wa huku. Ni wa kwenu Uvira."

"Mama, kwetu hawana habari nami. Barua zenyewe hazifiki."

"Ya uchawi haitaki barua."

Ramazani, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akarudi kwenye betri zake. Kugeuka kwake kuliniuma kuliko maneno ya mama yake. Na mwenyewe siku zile alikuwa amebadilika, mwepesi wa hasira, anapiga ukuta kwa sababu ya chumvi kuzidi.

Kisha mkono wangu wa kulia ukaniacha. Nilikuwa namimina chai, kiganja kikaning'inia, chupa ya chai ikaanguka ikapasuka. Nilikaza vidole kuinua mkono, haukuinuka. Hapo ndipo jirani akanipeleka kwa daktari mmoja mwanamke kwenye zahanati ya Gihosha, kule juu mlimani. Kutoka Buterere ni mwendo, nami nilikuwa napumzika kila baada ya nyumba kumi.

Daktari hakunigusa tumbo kwanza. Aliniambia nifungue kinywa, akaangaza kwa tochi ndogo, akavuta mdomo wangu wa chini.

"Umewahi kuona huu mstari?"

Akanipa kioo. Kwenye fizi, pale zinapokutana na meno, palikuwa na mstari wa buluu iliyochanganyika na kijivu, mwembamba, kama nimepaka wanja.

"Bwana yako anafanya kazi gani?"

"Fundi wa betri."

"Na we?"

"Mi nakaa tu nyumbani."

Alisubiri. Nikaona aibu ya kumdanganya mtu anayesubiri vile.

"Nakaa nyumbani, nayeyusha ile risasi ya ndani ya betri."

Akaweka kalamu chini.

Sitaeleza elimu ya jambo hilo, siijui. Nilichoelewa ni kwamba moshi ule na vumbi lile vilikuwa vimeingia mwilini, na kwamba ili tuwe na hakika lazima mkojo wangu upimwe. Mashine yake hapa nchini haikuwepo. Mkojo ungepelekwa nje na mtawa mmoja aliyesafiri kwa ndege za misaada, wakati wowote atakaposafiri.

Mtu wa maabara, laborantini mmoja mzee, alinipa bidoni nyeupe, dumu la plastiki, iliyooshwa kwa dawa, na akanifundisha.

"Ule wa asubuhi ya kwanza, mwaga. Alafu kila tone, mchana na usiku, tia humu, mpaka ule wa asubuhi ya pili, nao utie. Hata ukiwa kwenye msiba, enda nayo. Nawa mikono kila mara. Na usifanyie pale penye moshi wenu."

Niliyafuata yote isipokuwa moja. Bidoni ile ilionyesha kila kitu kilichomo. Nilipofikiria kuvuka Buterere nzima na mkojo wangu unaning'inia mkononi watu wakiuona, niliona afadhali nife. Nikaumimina kwenye bidoni ya buluu ya Ramazani, ile isiyopitisha mwanga.

Laborantini alipoishika aliigeuza, akanusa kifuniko.

"Hii ilikuwa ya nini?"

"Ya maji ya betri. Lakini niliosha."

Hakunigombeza. Aliumwaga kwenye sinki mbele yangu, akafungua maji mengi. Wiki ile mtawa alisafiri bila mkojo wangu. Safari iliyofuata ilikuwa karibu mwezi mmoja mbele, na tumbo langu halikusubiri.

Mara ya pili nilikwenda na bidoni nyeupe. Niliifunga kwenye kitenge, na kitenge ndicho kilichonitia matatani, maana kwenye kizuizi cha barabarani askari kijana aliona kitu cha maji kilichofichwa. Mafuta ya gari wakati ule yalipitishwa kwa magendo. Akaniuliza kwa Kirundi, nikajibu kwa Kiswahili.

"Ni mukojo, afande."

"Wa nani?"

"Wangu. Napeleka kwa muganga. Wanatafuta kama iko risasi ndani."

Nilitamani kuyarudisha maneno yale kooni. Akakunja uso.

"Risasi? Nani alipigwa risasi? Munamuficha wapi?"

Mwaka ule mtu mwenye jeraha la risasi ndani ya nyumba alikuwa kesi ya nyumba nzima. Nilijaribu kueleza betri, nyavu, ndagala, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwongo. Alinikalisha chini kando ya magunia ya mchanga. Nilikaa hapo jua likipanda, bidoni katikati ya miguu yangu, nikiifunika kwa kivuli changu kwa sababu laborantini alisema isipate joto. Nilifikiria Zawadi niliyemwacha kwa jirani. Nilifikiria askari wakienda nyumbani kumpekua Ramazani, na yeye na hasira zake.

Mchana akafika askari mwingine, mtu mzima, dereva wa lori lao. Aliambiwa kisa. Akafungua kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma kwa nguvu. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

"Nyoosha mikono," akaniambia.

Niliinyoosha. Wa kushoto ukanyooka, wa kulia ukaning'inia kama kitambaa. Aliuinua kwa kidole, ukaanguka tena.

"Betri iko na risasi ndani, anasema kweli," akawaambia. "Mwacheni aende."

Nilifika Gihosha nimeikumbatia bidoni. Laborantini alipima kiasi, akaandika jina langu, akasema, "Huu ni muzuri." Sijawahi kufurahia sifa kama ile.

Kisha kungoja. Kiangazi kilianza, mashamba yakapauka, vumbi likajaa, na kila asubuhi nilivuta mdomo mbele ya kioo kutazama wanja wangu. Niliacha kuyeyusha. Ramazani akaishika sufuria mwenyewe.

"Baba yangu alifanya hii kazi, akafa muzee," alisema. "Leo muganga mmoja wa Gihosha ndio anajua kuliko baba yangu?"

"Alikufa mzee, lakini alikuwa anatetemeka, Baba Zawadi. Ulinisimulia mwenyewe."

"Ulikuwa uzee!"

Tulifika mahali pa kutosemezana siku nzima. Ninakuambia hili kwa sababu na wewe litakukuta. Ugonjwa huu unaingia kwa mlango wa riziki, na anayeufukuza anaonekana anafukuza riziki.

Majibu yalikuja mwisho wa kiangazi, karatasi moja tu. Daktari alisoma, akanitazama.

"Ni nyingi, Mwamini. Lakini iko dawa ya kuikamata na kuitoa kwa mkojo huohuo. Niambie, nani mwingine anaishi ndani ya ile nyumba?"

Nilianza kusema "Zawadi", nikaelewa kabla sijamaliza jina. Miezi mingi nilikuwa nimeona maneno ya mtoto hayaongezeki. Wa rika lake walikuwa wanasimulia hadithi, yeye bado anasema "maji", "kule", "apana". Nilijiambia ni sababu ya milio ya bunduki, watoto wote wameshtuka.

Nilipomleta apimwe, Zawadi hakuweza kukojoa mbele ya wageni. Tulikaa maabara asubuhi nzima. Nikamnywesha maji, laborantini akafungua bomba litiririke, kisha mzee yule akachuchumaa, akaanza kumwimbia "shshshsh" kama tunavyowafanyia wachanga. Akakojoa. Tulipiga makofi, mimi nikilia.

"Majibu yatachelewa," daktari alisema. "Lakini kuanzia leo usimrudishe kwenye ule uwanja."

Nimpeleke wapi? Uvira nako kulikuwa kumewaka moto. Dada yake Ramazani, Mariamu, alikaa Gasenyi, mwisho wa mji kaskazini, nyumba safi na ua wa majani. Lakini Gasenyi iko chini ya milima, na milimani kulikuwa na mapigano.

Ramazani alikasirika kuliko siku zote. "Unamutoa mutoto kwenye nyumba yake, unamupeleka kwenye risasi ya kweli?"

"Hata hii ni ya kweli."

Nilimpeleka. Tangu siku hiyo, kila mlio uliposikika niliacha nilichokuwa nacho mkononi na kugeuza sikio. Unatoka wapi? Kaskazini? Mashariki? Nilijifunza kupima umbali kwa kifua changu. Usiniulize kama nilifanya vyema. Hapakuwa na upande wa kuchagua uliokuwa salama.

Mvua zikarudi, kubwa kuliko za miaka mingine. Maji yalijaa Buterere, yakapita uani, yakaingia ndani na kuacha tope la kijivu linalong'aa mpaka chini ya kitanda. Wakati huo ndipo majibu ya Zawadi yalipofika. Yake yalikuwa makubwa kuliko yangu.

Dawa yetu ilikuwa vidonge vya unga ndani, vilivyonuka mayai viza. Jasho lilinuka hivyo, mkojo ulinuka hivyo. Wiki karibu tatu unameza, kisha mwili unapumzishwa, kisha unapimwa tena. Nilikuwa nikimpelekea Mariamu vya mtoto, narudi kabla njia hazijafungwa.

Siku moja katikati ya duru ile ya kwanza, mchana kweupe, milio ikaanza Gasenyi. Haikuwa ya mbali. Watu walianza kushuka barabarani na magodoro kichwani. Ramazani alikuwa na betri mikononi. Aliidondosha, akakimbia kuelekea wanakotoka wenzake, bila viatu.  Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikahesabu watoto wa watu wanaopita.

Alasiri Ramazani alitokea. Zawadi alikuwa mgongoni mwake amefungwa kwa shati, mzima, amelala. Mariamu na wanawe walikuwa wameelekea mjini. Nilimkimbilia, lakini Ramazani alisimama nje ya ua, akaacha kutembea. Aliangalia lile tope la kijivu, maganda ya betri yanayoelea, sufuria, mlango ulio wazi. Alikuwa anatweta.

"Mama Zawadi," akasema, "niingie naye wapi?"

 Tulisimama barabarani watu watatu mbele ya nyumba yetu wenyewe, na hatukuingia. Mume wangu alilia pale. Kisha tukaanza kutembea kwenda Buyenzi, kwa mama yake.

Bibi Sauda alitufungulia. Alitazama miguu yetu, nikasimulia kwa ufupi alichosema daktari, nikingoja aitaje Uvira. Hakuitaja.

"Kila kitu kilichotoka kule kibaki nje," alisema. "Na nguo. Mwamini, ingia ndani uvue, nitakupa zangu."

Alimwogesha Zawadi mwenyewe, maji mara tatu, akamkata kucha hadi kwenye nyama. Baadaye alipoona mtoto anavitapika vidonge kwa ile harufu, alivifungua, akauchanganya ule unga na ndizi mbivu iliyopondwa, akamlisha kijiko kwa kijiko akimwimbia. Sikuwahi kuombwa radhi, nami sikuidai. Kuna wanaoomba radhi kwa kijiko.

Wiki ile Ramazani aliniambia, bila kunitazama, "Nipe ile bidoni yenu."

Aliibeba mkononi bila kitenge, mchana, akapita katikati ya Buyenzi yote alikozaliwa. Waliomuuliza aliwajibu, na wawili kati yao, mafundi wa betri, walimfuata Gihosha wiki iliyofuata. Majibu yake yalizidi yangu na ya mtoto. Hasira zile, kutetemeka kule, vyote vilikuwa na jina. Alimeza mayai viza pamoja nasi, na alipopata nguvu akaanza kuziba matairi.

Duru ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kati ya duru na duru palikuwa na bidoni, na kati ya bidoni na majibu palikuwa na zile wiki ambazo hakuna anayekufundisha kuzikaa. Ushauri wangu ni mdogo. Nenda na mtu. Uliza jina la atakayebeba mkojo wako na siku atakayoondoka. Usipime ugonjwa wako kwa wa aliye na damu. Na ukisikia ugonjwa umepungua nusu, furahi siku hiyohiyo, usingoje uishe. Mimi nilifurahi asubuhi niliyofunga vifungo vya gauni la Zawadi kwa mkono wa kulia, vyote sita.

Ugonjwa haukuisha wote. Zawadi alirudia darasa la kwanza mara mbili. Herufi zilimkimbia. Walimu walisema ni mvivu, nami nilikwenda shuleni kuwaeleza mpaka wakachoka kuniona. Mkono wangu hadi leo haubebi ndoo.

Kisha, watu walipoanza kusema vita vinaelekea ukingoni, nikashika mimba. Badala ya furaha niliingiwa na hofu ambayo sikuwa nayo hata kule kizuizini. Daktari hakunificha: risasi hulala kwenye mifupa miaka mingi, na mimba inaweza kuiamsha. Alinipima mkojo kila baada ya muda, safari hii majibu yakitoka upesi zaidi kwa kuwa ndege zilikuwa zimerudi. Miezi tisa nilikunywa maziwa, nikala mboga, nikajisikiliza tumboni kama nilivyokuwa nasikiliza Gasenyi.

Akazaliwa wa kiume, analia kwa nguvu. Alipofikisha wiki mbili, laborantini, sasa kichwa chote cheupe, alimbandika kifuko cha plastiki. Mtoto akakibandua kwa mateke, akakojoa kwenye meza, juu ya daftari. Tukabandika kingine.

Majibu yalipofika, daktari alikuwa na mgonjwa. Mhudumu alinipa bahasha nisubiri. Kifaransa sikijui kusoma, na nisingeweza kungoja. Nilikuwa na mtoto mikononi na Zawadi kando yangu, wa miaka kumi, begi la shule mgongoni.

"Soma," nikamwambia.

"Ni ndefu, mama."

"Soma pale chini."

Alilaza karatasi juu ya mapaja, akaweka kidole. Midomo yake ilitangulia bila sauti, akarudi nyuma, akaanza upya. Mwanamke tuliyekaa naye benchi moja aliacha kusuka mkeka wake akasikiliza.

"Nor... nor-ma... normal," alisema Zawadi. Akainua macho yenye wasiwasi. "Mama, normal ni mubaya?"

"Apana, mwanangu. Soma tena."

Akasoma tena, polepole, kwa kidole, na mimi sikuwa na haraka yoyote.